Ukungu nyuma ya kabati, na bomba linalodondoka

Kutoka: Mama Wawili

Salaam wote,

Jana mwanangu mdogo aliangusha kifutio nyuma ya kabati la nguo, nikalisogeza. Ningejua ningemnunulia kingine. Ukuta mzima wa nyuma ni mweusi, madoamadoa kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, na koti langu lililokuwa limeegemea upande ule linanuka kama pango.

Si mara ya kwanza. Mwezi uliopita niliona doa dogo pembeni ya dirisha, nikalipiga jiki, likang'aa. Wiki tatu baadaye likarudi na ndugu zake. Mwenye nyumba anasema kosa ni langu kwa sababu sifungui madirisha. Nje kuna baridi ya kukata masikio, nifungue madirisha nife na wanangu? Naomba anayejua aniambie: ni kweli au ananikwepa?

Na kama kuna fundi humu, bomba la maji moto la jikoni linadondoka usiku kucha. Tone, tone, tone. Nimeweka sponji chini yake ili nilale.

Kutoka: Babu Spana

Pole sana mwanangu. Suala la bomba nitalirudia, ni dogo. Tuanze na ukuta.

Anayoyasema mwenye nyumba yanaweza kuwa kweli, na yanaweza kuwa kisingizio. Kuna namna ya kujua bila kubishana. Chukua karatasi ya foili ya jikoni, kata kipande cha ukubwa wa daftari. Futa sehemu moja ya ukuta huo mpaka ikauke kabisa, kisha bandika foili hapo kwa tepu pande zote nne, usiache mwanya. Iache siku moja hadi mbili. Ukikuta matone juu ya foili, upande unaotazama chumba, maji yanatoka kwenye hewa ya nyumba yenu. Ukiibandua ukakuta unyevu upande wa ndani, uliokuwa umelala ukutani, basi ukuta wenyewe umelowa: mfereji wa mvua umepasuka huko nje, au kuna bomba linavuja ndani ya ukuta. Hapo deni si lako. Piga picha, mwandikie mwenye nyumba kwa maandishi, weka tarehe. Maneno ya simu hayana shahidi.

Mimi nabahatisha kwamba ni hewa, na nitakwambia kwa nini. Nyumba za huku kwenye baridi zimezibwa ili joto lisitoke, na mvuke nao hautoki. Watu watatu mnapumua, mnapika, mnaoga, na nguo mnaanika ndani. Fua moja tu ya mashine ikianikwa chumbani hutoa lita 2 hivi za maji, na maji hayo hayapotei, yanaingia hewani. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi. Ikifika mahali penye baridi inauangusha, kama chupa iliyotoka kwenye friji inavyotoa jasho. Sasa kabati lako limebanwa kwenye ukuta wa nje, joto la hita halifiki nyuma yake, hewa haizunguki. Mahali pa baridi kuliko pote chumbani, na umepafunika. Ukungu utake nini tena?

Kwa hiyo: vuta kabati sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani, au lihamishie kwenye ukuta wa ndani unaotenganisha vyumba. Madirisha usiyaache na upenyo mdogo kutwa, hiyo inapoza kuta bila kubadilisha hewa vizuri. Fungua yote wazi, mawili yanayotazamana kama unayo, dakika 10 asubuhi na dakika 10 jioni, ukiwa umevaa sweta, kisha funga. Kuta hazipoi kwa muda huo. Ukioga, mlango wa bafu uwe umefungwa na feni iendelee robo saa baada ya kutoka. Nguo anika kwenye chumba kimoja, mlango umefungwa, dirisha wazi kidogo. Na nunua kile kisaa cha kupima unyevu. Kikisoma kati ya 40 na 60 mko salama. Kikikaa 70 siku nzima, foili hata huihitaji.

Kusafisha: usifagie wala kupiga brashi kavu, vumbi la ukungu litaruka na kwenda kupanda shamba chumba kingine. Barakoa, glavu, dirisha wazi, watoto wawe chumba kingine. Futa kwa maji ya sabuni na kitambaa kibichi, geuza kitambaa mara kwa mara, mwisho kitupe. Kausha ukuta. Jiki inaondoa rangi ya doa haraka ndiyo maana inatudanganya. Kwenye vigae ni sawa, lakini kwenye plasta sehemu kubwa yake ni maji tu yanayozama ndani wakati ukungu umebaki. Usipake rangi juu ya ukuta mbichi, rangi itabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua.

Ila likizidi eneo la mita 1 ya mraba hivi, au kama una mtoto mwenye pumu, usiliguse mwenyewe.

Kutoka: Jirani wa Ghorofa ya Nne

Naongeza moja tu kwa sababu lilinikuta. Nilisafisha choo kwa jiki, kisha nikaona ukoko mweupe chini ya ukingo nikamwagia siki bila kusuuza. Macho yalianza kuwasha, kifua kikabana, nikatoka bafuni natambaa. Ile ni gesi ya klorini. Jiki haichanganywi na siki, wala na dawa yoyote ya kuondoa ukoko wa chokaa, wala na dawa ya vioo yenye amonia. Jiki na maji, basi.

Siki peke yake ni rafiki mkubwa, lakini. Kichwa cha bafu kikiziba kwa chokaa, jaza siki kwenye mfuko wa plastiki, kifunike nao, ufunge kwa mpira, ulale. Asubuhi sugua kwa mswaki wa zamani. Kwenye marumaru usithubutu, inakula.

Kutoka: Kaka wa Zamu ya Usiku

Shikamoo Babu. Nami nachomekea langu. Sinki la bafuni linatiririka polepole. Niliweka soda ya kuokea na siki kama wanavyoonyesha kwenye video, ikatoa povu la kupendeza, na maji bado yanatuama.

Kutoka: Babu Spana

Marahaba. Povu hilo ni onyesho. Tindikali na magadi vinakutana, vinamalizana, kinachobaki ni maji yenye chumvi na hewa. Kilichoziba bafuni karibu kila mara ni nywele zilizoshikana na sabuni. Toa kizibo, ingiza ule mkanda mwembamba wa plastiki wenye meno, zungusha, vuta. Utakachotoa usikitazame ukiwa umetoka kula.

Usipopata kitu, tumia mpira wa kuzibulia, lakini kwanza ziba lile tundu dogo la juu ya sinki kwa kitambaa kibichi, la sivyo unasukuma upepo tu. Na kama umeshamimina dawa kali ya mafundi, mpira usiutumie kabisa: itakurukia usoni. Mwisho kabisa, weka ndoo chini na ufungue ile kona ya bomba iliyopinda. Imepinda makusudi, maji yanayotuama pale ndiyo yanayozuia harufu ya mtaro isipande. Ndiyo maana sinki la chumba cha wageni lisilotumika miezi mingi huanza kunuka: yale maji yamekauka. Mimina glasi mbili, harufu inakwisha.

Kutoka: Mama Wawili

Babu, foili imetoa majibu. Matone yako juu, upande wa chumba, nyuma pakavu kabisa. Kwa hiyo yule bwana alikuwa anasema kweli, jambo ambalo sitamwambia. Kabati nimelihamisha, kipima unyevu kilisoma 74 siku ya kwanza, leo asubuhi baada ya kufungua madirisha kimeshuka 58. Watoto wanashindana nani wa kwanza kukisoma.

Sasa bomba.

Kutoka: Babu Spana

Sijasahau. Kama lina vishikio viwili, cha moto na cha baridi, na ni la aina ya zamani unayozungusha mara kadhaa hadi lifunge, basi ni washa imekwisha, kile kimpira kidogo cha duara. Lile la kishikio kimoja cha kuinua lina kitu kingine ndani, kinabadilishwa kizima.

Chini ya sinki kuna koki ndogo mbili. Funga ya moto. Kama hakuna, tafuta koki kuu ya nyumba, na kila mtu humu aende akaitafute yake leo, kabla bomba halijapasuka usiku wa manane. Fungua bomba maji yaliyobaki yaishe. Sasa ziba tundu la sinki kwa kitambaa. Usilicheke hilo, skrubu ya kishikio ni ndogo na inalijua tundu kuliko wewe. Bandua kifuniko, fungua skrubu, toa kishikio, kisha kwa spana legeza ile nati ya shaba huku mkono mwingine umeshikilia bomba lisizunguke lote. Washa iko mwisho wake. Ipeleke dukani vilevile ilivyo, ulinganishe kwa macho, kwa sababu zinapishana kidogo mno. Kila kitu ukitoe kwa mpangilio, ukipige picha kwa simu kila hatua.

Ukirudisha, usikaze kwa hasira. Wengi wanaua washa mpya wiki ya kwanza.

Kutoka: Jirani wa Ghorofa ya Nne

Na wenye choo kinachotiririka kimyakimya: rangi ya keki matone machache ndani ya tangi, usiflashi, subiri dakika 20. Rangi ikionekana bakulini, kile kifuniko cha mpira ndani ya tangi hakizibi tena. Bei yake ni ndogo kuliko bili.

Kutoka: Mama Wawili

Wapendwa, washa ilikuwa imekatika nusu, ngumu kama kwato. Nimeweka mpya. Jana usiku nililala bila sponji na nikashindwa kupata usingizi kwa sababu ya ukimya.

Babu, picha nilipiga zote. Lakini imebaki skrubu moja mezani. Nimezipitia picha mara tatu, haimo hata kwenye moja. Bomba halidondoki. Nifanyeje?

Kutoka: Babu Spana

Itie kwenye kikopo. Mimi ninazo za miaka thelathini.