Tupeane uzoefu: uliambiwa "AC imekufa, nunua mpya". Kilichokuwa kibovu ni nini?

Wakuu, habari zenu. Inaniuma kusikia mtu amebadilisha mashine nzima wakati hakuna aliyeipima. Leteni visa vyenu: dalili, alichosema fundi, na kilichoonekana baada ya mita na geji.

Naanza. Mashine yangu ya nje ilikuwa inanguruma, feni haizunguki, kisha inajizima. Fundi wa kwanza: "Kompresa imeungua," yaani ile pampu inayosukuma gesi. Wa pili alikata umeme, akatoa chaji iliyobaki kwenye kapasita (kifaa kinachotunza umeme wa kusaidia mota kuwaka), akaipima. Imechoka, na kichwa kimevimba. Akaweka nyingine ya kiwango kilekile, ikawaka. Kapasita hushika umeme hata ukishazima breka, kwa hiyo tafadhali msiichokonoe wenyewe.

— Yangu iliganda barafu ndani, upepo ukawa dhaifu. Filta ilikuwa imeziba kwa vumbi. Tuliizima hadi barafu ikayeyuka, tukaosha filta na koili (mabomba ya ndani yanayopoza hewa), ikapoa vizuri.

— Naongezea hapo kwenye barafu. Gesi ikipungua nayo inagandisha. Kama filta ni safi na barafu inarudi, mwambie fundi apime presha.

— Kwetu kila joto likianza tunajaziwa gesi. Jamani, gesi ya AC haiishi kwa kutumika, inazunguka humohumo. Ikipungua ujue inavuja! Alipokuja dada mmoja fundi, aliona mafuta kwenye nati ya bomba, akapaka povu la sabuni, mapovu yakachomoza. Akaitengeneza upya ile ncha ya bomba, akavuta hewa na unyevu wote kwa pampu, ndipo akajaza gesi kwa kuipima kwenye mizani. Wale wa mwanzo hawakuwahi hata kutafuta tundu.

— Maji kudondoka ndani: bomba la kutolea maji limeziba. Basi.

— Yangu ilikuwa inazima kila ikijaribu kuwaka. Fundi alipima volti wakati huohuo wa kuwaka, zikaanguka vibaya. Waya mmoja ulikuwa umelegea kwenye tamino (pale waya unapofungwa) na umeungua. Ukipima mashine ikiwa imetulia, hutaliona hilo.

— Mimi niko upande wa pili: tulibadilisha, na ilistahili. Ilikuwa ya zamani, inatumia R22, gesi inayoondolewa sokoni kwa Mkataba wa Montreal wa 1987, na kompresa ilikuwa imekwisha. Kununua kompresa kwa mfumo wa gesi hiyo hatukuona faida.

— Asante, kisa hiki nacho tunakihitaji. Lakini fundi alikuonyesha kwenye mita, au alisema tu?

— Alinionyesha. Alichomoa waya za kompresa, akapima kila pini dhidi ya bodi yake ya chuma. Ohmu karibu sifuri, maana yake nyaya za mota ndani ya kompresa zimegusa bodi. Hapo sikubishana.