Wauza chaja za gari za umeme hapa Unguja, mtatuulia watoto wetu!

Asalaam alaykum wadau. Naandika nina hasira na sitaificha. Anaeona uzi mrefu apite, lakini mwenye gari ya umeme au anaetaka kuagiza asome mpaka chini.

Jumamosi iliyopita baada ya mvua mwanangu wa kike, ana miaka saba, karudi chuoni (madrasa), viatu kaviacha barazani, kenda miguu mitupu kufungua mlango wa gari atoe mkoba wake. Gari iko kwenye chaji. Nikasikia ukelele, "Baba, gari inanitetemesha!" Nikajua utoto tu. Nikenda nikagusa, nimevaa ndara za mpira, sikuhisi kitu. Nikavua ndara nikakanyaga mchanga umeroa, nikagusa mlango kwa mgongo wa mkono, wallahi nilihisi kitu kinatambaa mpaka kwenye kiwiko. Bodi zima la gari lina umeme! Nikakimbilia meni swichi nikazima nyumba nzima, nikakaa barazani na mtoto mapajani, miguu haina nguvu.

Sasa nikwambieni tumefikaje hapo.

Gari ni Nissan Leaf ya 2014, betri ya uniti 24 wakati ilipokuwa mpya, imetoka Japani kama gari zetu nyingi hapa. Gari siilalamikii hata kidogo, mie nakaa Mbweni, kwa siku nikenda mjini na Kwerekwe na kurudi skuli kuchukua watoto sipiti kilomita 35. Ila waya wake wa kuchajia umekuja na plagi ya kijapani na umeandikwa volti 200, kwetu umeme 230 na soketi zetu za pini tatu bapa, nikaona nisifanye ubishi, nitafute chaja ya nyumbani ya kueleweka. Nikenda duka moja mjini (jina silitaji, kesi naipeleka).

Yule muuzaji kaniuliza suali moja tu, moja! "Unataka ya kawaida au ya nguvu?" Hakuuliza gari gani. Hakuuliza nyumba ina fezi (laini ya umeme) moja au tatu, wala umbali wa kutoka kwenye meni swichi mpaka gari inapolala. Kanionesha boksi jeupe zuri, kilowati 22, "ami hii ndo yenyewe, saa moja gari ishajaa, kesho ukinunua gari kubwa zaidi hubadilishi". Milioni tatu na laki mbili. Nikatoa. Kufika nyumbani boksi halina waya, lina tundu tu, narudi naambiwa waya unauzwa mbali. Laki nne na themanini nyengine. Na waya wa kwanza walionipa ulikuwa taipu 2 pande zote mbili, Leaf ya Japani tundu lake la chaji ya kawaida ni taipu 1, hauingii hata ukipiga kwa nyundo. Nikarudi safari ya tatu kubadilisha na bado yule kijana ananitizama kama mie ndie nnaemsumbua.

Sasa sikilizeni hichi ambacho hakuna duka litakwambia, mie nimekijua baada ya pesa kutoka. Lile boksi la ukutani SIO chaja. Chaja imo ndani ya gari. Boksi ni swichi yenye akili, inaiambia gari "una ruhusa ya kuvuta ampia kadhaa", inatizama kama ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja) ipo, inafungua umeme, basi. Gari ndio inavuta, na gari yangu chaja yake ya ndani ni kilowati tatu na ushei, ukiipa boksi la 22, la 50, la 100, itavuta hizo hizo tatu na ushei na betri tupu itakwenda saa saba nane mpaka ijae. Halafu hizo 22 zenyewe ni ampia 32 mara fezi tatu, na nyumba yangu kama nyumba zetu nyingi ina fezi moja, na fezi moja ya ampia 32 haizidi kilowati 7.4 hata ufanye nini. Kwa hiyo nimeuziwa kitu ambacho nyumba haiwezi kukilisha na gari haiwezi kukimeza. Na suali la kuyaepusha yote hayo ni sekunde kumi: gari gani, na umeme wa nyumbani fezi ngapi? Sekunde kumi jamani!

Hayo ni ya pesa, pesa zinatafutwa. Ya fundi ndio yanayonikosesha usingizi.

Fundi kaletwa na duka, ufundi umeandikwa kwenye risiti ile ile, kwa hiyo msije mkanambia nilimuokota njiani. Badala ya kuvuta waya mpya kutoka kwenye dibii (sanduku la breka), kadandia waya wa soketi ya barazani, waya wa milimita 2.5, ambao juu yake kuna friji na pampu ya maji. Siku ya pili nachaji, pasi ikawashwa, breka ikaruka. Nikamwita. Unajua alifanyaje? Katoa breka ya ampia 20 katia ya 32! Breka kazi yake ni kuulinda waya, sasa waya wa 2.5 unalindwa na breka ya 32, maana yake waya utaungua kabla breka haijaona kitu. Na gari sio birika ya chai ya dakika tano, inavuta ampia 14 mfululizo kwa muda wa saa saba, usiku, watu wamelala. Jointi aliyoifunga kwa tepu juu ya dari tumeikuta imeshageuka rangi ya kahawia, plastiki imelainika. Juu ya dari ya mbao.

Na ethi sasa. Wenye nyumba huku kwetu mnajua ukichimba futi mbili umekutana na jiwe, sisi tumekaa juu ya matumbawe. Kagonga rodi ya ethi, ikenda futi mbili ikakataa, kaikata sehemu ya juu kaondoka nayo. Boksi likawasha taa nyekundu, likakataa kabisa kuchaji, na boksi lilikuwa na haki, linakwambia hapa ethi hamna, mtu atakufa hapa. Yeye kafungua kifuniko kachukua kipande cha waya kifupi kaunganisha nyutro (waya wa kurudisha umeme) na ethi pale pale waya zinapoingia kwenye boksi. Taa ikawa kijani. Kanambia "mambo safi ami", kenda zake.

Haya kayaona shemeji yangu, fundi umeme miaka mingi, kaja Jumapili kutoka Chake, Pemba, kwa ajili hiyo tu. Kafungua kifuniko akanyamaza, akanionesha kwa bisibisi, akanambia shemeji tizama hapa, huyu mtu kaifunga gari yako kwenye nyutro. Kanieleza hivi: usiku umeme ukishuka, kila mtu kawasha feni na kiyoyozi, nyutro nayo inapanda volti kadhaa juu ya ardhi, na bodi la gari linapanda nayo pamoja, ndio ile tetemeko aliyoihisi mtoto. Hiyo ni siku nzuri. Siku nyutro ikikatika huko nje kwenye nguzo, kwa upepo au kutu ya chumvi, bodi la gari linakuwa na volti 230 kamili na gari inakusubiri tu uiguse. Na nyumba haina RCD (swichi inayokata umeme ukivuja), hakuna cha kukata. Mie nikawa nasikiliza namtizama binti yangu anacheza uani.

Na bado. Kumbe boksi lenyewe limetengenezwa kwa ajili ya Uingereza. Kule wana namna yao ya ethi, kwa hiyo maboksi mengi ya kule yanapima volti, ikishuka chini ya 207 au ikipanda juu ya 253 yanajikata yenyewe kwa usalama. Kwao sawa. Kwetu Mbweni saa mbili usiku shemeji kapima volti 196. Ndio maana kila usiku nakuta chaji imekatika nafikiri gari mbovu, nimelipa hadi mtu wa kompyuta kuipima gari bure! Halafu kule kuna kanuni tangu Juni 2022, chaja mpya ya nyumbani itoke kiwandani imepangwa isichaji siku za kazi saa mbili mpaka tano asubuhi na saa kumi jioni mpaka saa nne usiku, kupunguza mzigo kwenye gridi yao. Mie narudi saa kumi na moja nachomeka, haichaji, kubadilisha ni kwa programu ya simu, na namba ya siri ya kufungulia hiyo programu duka halinayo. Wananambia "ngoja tuulize tulikonunua". Wiki ya tano hii wanauliza.

Nimerudi dukani Jumatatu na picha zote. Jibu: "mzigo uliotoka haurudi". Nikawaonesha picha ya ule waya wa nyutro, yule mkubwa wao katizama kisha kanambia "lakini si ilikuwa inachaji?" Ndugu zangu, mwanangu karushwa na umeme, na huyu ananambia si ilikuwa inachaji.

NYONGEZA, baada ya isha: naona majibu mengi, nijibu machache.

Aliesema "gari za umeme sio za kisiwani, umeme wenyewe wa waya wa chini ya bahari". Yakhe mie 2008 nilikuwepo, mwezi mzima kiza Unguja nzima, na Disemba 2009 mpaka Machi 2010 nilikuwepo pia, miezi mitatu ya jenereta na ndoo za maji, usinifundishe. Ndio maana 2013 ukaja waya wa pili Fumba wa megawati 100. Umeme ukikatika leo gari yangu ina chaji ya siku mbili tatu za mizunguko yangu, na kituo cha mafuta nacho pampu zake za umeme. Hilo sio suala la uzi huu. Suala ni mtu kuuza kitu asichokijua na kukifunga kwa njia ya kuua.

Anaeuliza "sasa ninunue ipi", ntakupa kama shemeji alivyonipa. Anza na gari, sio na boksi. Kwenye karatasi za gari tafuta chaja ya ndani ni kilowati ngapi na tundu ni taipu gani, za Japani kwa kawaida ni taipu 1, za Ulaya nyingi taipu 2. (Lile tundu jengine kubwa la Leaf ni CHAdeMO, la vituo vya chaji ya haraka, kwa nyumbani lisahau.) Halafu piga hesabu ya safari zako. Mie kilomita 35 ni kama uniti sita kwa siku pamoja na zinazopotea njiani, hizo kwa ampia 14 ni saa mbili tu, hata kwa chaja ya kubebeka ya ampia 10 ni saa tatu haifiki. Usiku una saa ngapi? Kumbe mie sikuhitaji boksi la mamilioni! Chaja ya kubebeka ya fezi moja yenye waya wa taipu 1, na soketi ya buluu ya viwandani iliyovutiwa waya wake peke yake, ingenitosha maisha.

Na pesa iliyobaki uitie pasipoonekana. Waya wa milimita 6 moja kwa moja kutoka dibii, usichangie na kitu chochote, na kama masafa marefu nenda wa 10. Breka yake. RCD ya miliampia 30 ya taipu A, na uulize kama chaja ina kinga ya ndani ya miliampia 6 ya umeme wa DC (umeme wa aina ya betri), kama haina basi unahitaji RCD ya taipu B ambayo ghali. Ethi ipimwe kwa kifaa, usikubali mtu akutizamie kwa macho. Kama jiwe linakataa rodi, zinapigwa rodi kadhaa sehemu tofauti zinaunganishwa, au unachimbwa mtaro unalazwa waya mtupu wa shaba chini, kwangu shemeji kachimba mita 12 kuzunguka mnazi, jasho linamtoka, hakutaka hata senti. Waulize kabisa chaja inajikata volti ikishuka mpaka ngapi. Na usiifunge upande wa bahari, chumvi haina huruma, kivulini na yenye IP65 (kinga ya vumbi na maji) ukiipata.

Aliesema "kosa la fundi, duka waachie": risiti moja, pesa moja, duka ndilo lililomleta. Siwaachii. Jumatatu ijayo asubuhi naenda Tume ya Ushindani Halali wa Biashara na risiti, picha, na kile kipande cha waya nimekitia kwenye bahasha. Nataka pesa yangu, na nataka waende nyumba zote walizofunga wakakague, kwa sababu yule fundi hakuja kwangu peke yangu, mwenyewe alijisifu kuwa yangu ni ya tisa.

Kwa hiyo wale wanane wengine, mpo, huenda mnasoma hapa. Kama ulifungiwa boksi jeupe la tundu mwaka huu na taa ilianza nyekundu kisha fundi akafungua kifuniko ikawa kijani, usichaji leo usiku. Zima breka yake, usifungue mwenyewe, tafuta fundi mwengine atizame pale waya zinapoingia kwenye boksi. Na watoto wasiiguse gari. Nitumieni ujumbe, shemeji yupo mpaka boti ya Alkhamisi, kasema atapita kwa atakaemwita.