Tupeane uzoefu: tezi dume iliyotanuka na usiku wa kuamka mara tano

Ndugu zangu, nina miaka 67, na kwa karibu miaka mitatu niliamka kila usiku mara nne au tano kwenda haja ndogo nikiamini kwamba huo ndio uzee wenyewe. Nilisimama nikisubiri mkojo uanze, ukatoka kidogo, ukakatika, ukaanza tena, na nikishafunga zipu matone yalilowesha nguo. Usiku mmoja, baada ya kumeza dawa ya mafua ya kuzibua pua, mkojo uligoma kabisa, na hadi alfajiri tumbo la chini lilikuwa limewambwa kama ngoma. Nikawekewa mpira wa kutolea mkojo hospitalini. Daktari alinieleza kwamba tezi dume huuzunguka mrija wa mkojo chini ya kibofu, hivyo ikitanuka huubana, na dawa za mafua za aina ile hukaza misuli ya eneo hilo. Naomba mseme bila haya: mlianza kuona nini, na nani aliwasukuma kwenda kupima?

Mchangiaji wa pili:
Pole sana, kaka. Mimi nilichelewa kwa kuogopa saratani. Kipimo cha kidole kupitia njia ya haja kubwa, nilichokikimbia, hakikumaliza hata dakika moja, kisha damu ikapimwa PSA, yaani protini inayotengenezwa na tezi dume. Nilielezwa kwamba kutanuka huku si saratani wala hakugeuki saratani, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, na ndiyo sababu ya kupima. Dawa ya tamsulosini, inayolegeza misuli hiyo ya tezi, ilinipa nafuu mapema, ila nikiinuka ghafla nashikwa na kizunguzungu, kwa hiyo hukaa kwanza ukingoni mwa kitanda. Finasteridi hupunguza tezi yenyewe, nayo inataka subira ya miezi 6 hivi. Tena hushusha PSA kwa takriban nusu, basi anayeitumia amwambie daktari kabla majibu hayajasomwa.

Mchangiaji wa tatu:
Shikamooni wazee wangu. Naandika kwa ajili ya baba, mwenye miaka 78, ambaye alijinyima maji tangu alasiri ili apate kulala. Mkojo uliokuwa ukibaki kibofuni ulileta maambukizi na mawe, na figo zilikuwa zimeanza kudhurika alipofanyiwa upasuaji wa kupitia mrija wa mkojo, bila kuchanwa tumbo. Aliyemsukuma ni mama: kwa wiki nzima alihesabu kimyakimya mlango wa choo ulivyolia usiku, kisha akamtajia baba hesabu hiyo mbele yetu sote.