Mrejesho: Yule aliyetaka kuacha ubingwa wa tiba ya dharura

Wakuu, niliwauliza kama niache masomo nikiwa mwaka wa 1 kati ya 3, maana zamu za usiku hapa Dar zilikuwa zinanimaliza.

Sijaacha. Aliyeniambia nikipokea mgonjwa nianze na njia ya hewa, kisha upumuaji, kisha damu, hata ndugu wapige kelele vipi, ubarikiwe. Ijumaa usiku aliletwa dereva wa bodaboda anahema juu juu, kifua upande wa kulia hakipandi. Sikungoja picha ya eksirei. Nikachoma sindano kifuani, hewa iliyokuwa inabana pafu ikatoka psiii, nikaweka mrija wa kuitoa iliyobaki, maji kwenye chupa ya mrija yakaanza kububujika. Bosi alikuwa nyuma yangu, mikono mfukoni, hakugusa kitu.

Usingizi bado shida. Na aliyenishauri kahawa ya tangawizi, kiungulia nusura kiniue!