Dawa niliyoandikiwa inazuia mimba, na nyumbani wanangoja mimba

Mwalimu_wa_Wete

Assalaam alaykum. Uzi huu nimeuandika mara tatu nikaufuta. Leo nautuma ulivyo, na wakubwa mnisamehe, kuna maneno ya ndani nitayataja.

Mie nina miaka 28, niko Pemba, nasomesha skuli ya msingi. Ndoa yangu ina miaka minne, mtoto hatujajaaliwa. Tumbo la mwezi lilinianza mwaka ule ule niliovunja ungo, nina miaka 13. Ulikuwa msimu wa karafuu. Wenzangu wamekaa kwenye jamvi wanachambua, mie nimejikunja pembeni kama pweza aliyekwisha pondwa. Bibi akanitazama akasema, "Chango hilo, akizaa litamtoka." Basi nikawa naishi nalo, nangoja kuzaa.

Sekondari nilikosa skuli siku mbili tatu kila mwezi. Nilipopita miaka 20 maumivu yakawa yanatangulia damu, yanashuka kiunoni mpaka mapajani, na nikiwa mwezini haja kubwa ni kama napitisha vigae. Nilipoolewa likaongezeka lile ambalo mke hamwambii mtu: tendo la ndoa linauma, tena ndani kabisa. Mume wangu ni mtu mwema, lakini ilifika pahala akadhani simtaki.

Kombe nimekunywa. Kukandwa nimekandwa. Nimeambiwa nina jini mahaba mwenye wivu. Spitali ya kwanza niliyokwenda walinipiga altrasaundi, wakasema huna kitu, kaolewe. Nikaolewa. Nikarudi, wakanipiga tena, wakasema huna kitu, kazae. Sasa nacheka, lakini siku ile nililia garini kutoka Chake mpaka Wete, na kondakta hakunidai nauli.

Mwezi uliopita dada yangu wa Dar kanipeleka kwa daktari wa wanawake. Kaniuliza maswali karibu nusu saa kabla hajanigusa. Alipopima kwa altrasaundi ile ya kupitia chini akaona uvimbe wa sentimita 4 kwenye kifuko cha mayai cha kushoto, umejaa damu ya zamani, nzito, nyeusi. Akasema ni endometriosisi, yaani utando kama ule wa ndani ya mji wa mimba umeota nje yake. Kulitamka neno lenyewe nilijifunza kwenye boti nikirudi.

Kaniandikia dienojesti, kidonge kimoja kila siku, miezi sita, halafu tutazame habari ya upasuaji. Kufika nyumbani nasoma karatasi ya ndani ya pakiti, naona muda wote wa dawa sitarajiwi kushika mimba. Na mavyaa wangu, mamake mume, keshaanza kumtajia mume wangu binti mmoja wa Konde.

Pakiti imo kwenye mkoba wa skuli wiki ya pili hii, sijaifungua. Ninywe? Na mavyaa nimwambie nini, ugonjwa wenyewe hata jina la Kiswahili hauna?

KarafuuKavu

Usinywe dada. Dawa hizo ndizo zinazokausha kizazi. Wifi yangu alitumia vidonge vya majira, mpaka leo anahangaika.

Sina_Cheo

Mie sitaki kumvunja mtu moyo, lakini dalili alizotaja zote ni za jini mahaba. Maumivu wakati wa tendo la ndoa, mimba haishiki, spitali hawaoni kitu. Tafuta mtu wa kukusomea.

BiMkubwa_Darajani

Sina Cheo, jini gani huyo anayefuata kalenda? Huja siku mbili kabla ya damu na huondoka nayo ikikatika? Na spitali mbona wameona, mtu kaandika sentimita 4, soma vizuri.

Kisomo ni kheri, mwanangu asiache. Lakini tumeamrishwa pia tujitibu. Kombe halikuzuii kupanda boti.

Nesi_wa_Zamu

Pole sana Mwalimu. Nimefanya kazi wodi ya wanawake miaka kadhaa, nitakwambia ninayoyajua, na la mwisho utalipeleka kwa daktari wako.

Kwanza KarafuuKavu: dienojesti haikaushi kizazi. Inatuliza homoni ili ule utando usichipue na usivuje kila mwezi, kwa hiyo maumivu hupungua na mara nyingi hedhi hupotea. Ukiacha, mayai yanarudi kazini. Ubaya wake ni mwengine: kwa wanawake wengi mwanzoni damu hutoka matone matone bila mpango, wengine kichwa huuma au moyo huwa mzito. Bora ulijue hili mapema, maana matone hayo yatakuletea na masuali ya sala na saumu. Andika tarehe zako, umuulize mtu mwenye elimu ya fiqhi ipi ni hedhi na ipi ni istihadha, damu isiyokuwa ya hedhi.

Sasa la kwako. Dawa hizi za homoni zinatibu maumivu. Haziongezi nafasi ya kushika mimba, si wakati unazitumia wala baadaye. Kwa hiyo suali la kwanza ni kama daktari anajua kuwa mnatafuta mtoto. Ulimwambia wazi, miaka minne? Maana wagonjwa wengi humweleza daktari maumivu tu, kwa haya, na daktari naye huandika dawa ya maumivu. Anayetafuta mtoto njia yake ni nyengine: huenda akashauriwa upasuaji wa matundu madogo, huenda akaambiwa ajaribu kwanza bila kukatwa, huenda akapelekwa moja kwa moja kwenye upandikizaji wa mimba, yai na mbegu vikutanishwe nje ya tumbo.

Upasuaji nao usiukimbilie kama unakwenda sokoni. Kuutoa uvimbe ulio juu ya kifuko cha mayai kunaweza kupunguza akiba ya mayai yenyewe. Muulize atapima vipi akiba hiyo kabla hajakata, na amewahi kufanya wangapi.

La pili, mume amepimwa? Sikuona mahali ulipotaja.

Mwalimu_wa_Wete

Nesi, umenishika. Daktari aliniuliza "una watoto?" nikasema bado. Neno ni hilo hilo moja. Sikusema tunatafuta, dada yangu alikuwa amekaa pale na nilishaona aibu kwa yale mengine.

Na mume hajapimwa. Hata wazo hilo halijapita nyumbani kwetu.

Baba_Nasra

Naingia mie mwanamme, mnivumilie.

Mke wangu ana maradhi haya haya. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilikuwa nalala barazani kwa hasira, naona nimeozwa mtu asiyenitaka. Siku moja nimerudi kutoka bandarini nimemkuta kaanguka chooni, kapiga kichwa ukutani, kwa maumivu. Ndipo nikaenda naye kwa daktari, mie mwenyewe nikakaa kwenye kiti. Daktari akanichorea kwenye karatasi. Ile karatasi ninayo mpaka leo.

Nikapimwa na mie. Kile kikopo, jamani, ni aibu ya dakika kumi. Yangu ilikuwa sawa, lakini ingeweza kuwa siyo, na mke wangu angekuwa anakunywa dawa za bure.

Kwa hiyo dada, nenda na mumeo. Na maneno ya mavyaa ayabebe yeye, ni mamake. Mie nilimwambia mamangu: mke wangu ni mgonjwa, anatibiwa, na habari ya mke wa pili nikiitaka nitaitaja mwenyewe. Alininunia mwezi mzima. Mwezi wa pili akatuletea tangawizi.

Sina_Cheo

Sawa, nimesoma tena. Lakini kusomewa pia asiache.

BiMkubwa_Darajani

Hakuna aliyemkataza.

Sasa nisikilize na mie, mwanangu, nina miaka 52. Hilo la "akizaa litamtoka" nimelibeba ujana wangu wote. Nimezaa watatu. Kila mimba tumbo lilitulia, na nikinyonyesha lilitulia, mtoto akiacha ziwa tu na mwezi ukarudi, nalo hilo limerudi na kaka yake. Miaka 44 nikatolewa kizazi. Nilipumua kiasi kikubwa, siwezi kusema uongo, lakini si kwisha, kwa sababu daktari alisema mengine yalikuwa yameshika kwenye utumbo na hakuyamaliza. Kwa hiyo msichana yeyote akiambiwa azae apone, au atoe kizazi apone, aulize mara mbili.

Mavyaa wangu mie nilimwambia hivi: damu ya mwezi ina nyumba yake, mji wa mimba, na nyumba hiyo ina mlango. Yangu imejenga na vibanda nje, na vibanda havina mlango. Kila mwezi kibanda kinajaa, damu haina pa kupita, inaganda, inagandisha na vilivyo jirani. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe dada yangu marehemu alikuwa na hayo." Ugonjwa huu mara nyingi hutembea katika ukoo. Jina la Kiswahili likikosekana, mpe picha.

Nesi_wa_Zamu

Bi Mkubwa, hivyo vibanda nitaviiba, niwaambie wagonjwa.

Naongeza jambo moja kuhusu "huna kitu". Altrasaundi huona uvimbe kama huo wa Mwalimu, lakini vidoa vidogo vilivyotawanyika kwenye utando wa tumbo haivioni. Picha safi haina maana mtu ni mzima. Zamani ilisemwa mpaka upasuliwe ndipo ithibitike. Siku hizi, miongozo ya Ulaya ya mwaka 2022 kwa mfano, daktari anaruhusiwa kuanza tiba kwa maelezo yako na vipimo vya picha. Ndiyo maana ile nusu saa ya masuali ni kipimo chenyewe.

Na wakati unangoja miadi, dawa ya maumivu kama ibuprofeni inywe mapema, likianza kunyemelea, na uwe umekula. Ukingoja mpaka ujikunje umechelewa. Mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au pumu asiinywe bila kuuliza, na wewe siku ukihisi huenda una mimba iwache mpaka uulize.

Mpemba_Mombasa

Salamu kutoka ng'ambo. Msidhani ni ugonjwa wa watu wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria wanawake na wasichana milioni 190, kama asilimia 10 ya walio katika umri wa kuzaa. Hesabuni wenyewe kwenye harusi moja.

Huku kwetu Njambi Koikai, yule mtangazaji wa rege, aliusema hadharani wakati watu wanaona haya hata kununua pedi. Wake ulipanda mpaka kifuani, mapafu yakawa yanamwanguka, akaenda kutibiwa Marekani. Alifariki Juni 2024. Na Tanzania yupo Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, aliyesimulia upasuaji baada ya upasuaji, na mwaka 2017 akajifungua mtoto wa kiume. Mwezi wa Machi ndio wa kuutangaza, rangi yake ni manjano. Mwalimu, wewe uko skuli, na huko ndiko ugonjwa huu unakoanzia.

Mwalimu_wa_Wete

Nimeusoma uzi wote na mume wangu jana usiku. Yaani nilimpa simu nikaenda jikoni, nikaosha vyombo ambavyo vilikwisha oshwa. Aliponiita alikuwa amefika kwa Baba Nasra. Akasema, "Hicho kikopo wanauza wapi?"

Pakiti bado sijaifungua. Nimempigia daktari, nimemwambia neno lile: tunatafuta, mwaka wa nne. Akasema kama ni hivyo nisianze, nirudi na mume, atapima akiba ya mayai na mume apimwe, ndipo tuzungumze. Hakunigombeza. Nilikuwa nimejitayarisha kugombezwa.

Mavyaa bado. Mume kasema atakwenda mwenyewe Ijumaa baada ya sala. Mie nimempa vile vibanda vya Bi Mkubwa avikariri.

Mpemba wa Mombasa, hilo la skuli limenigusa pabaya. Nina mtoto darasa la saba, kila mwezi anaomba ruhusa siku zile zile, na kuna mwalimu mwenzangu anamwita mdekaji. Mie nilikuwa nikimwandikia ruhusa, basi. Jumatatu nimemuuliza lilianza lini, na likimshika linamshika wapi. Alinitazama kwanza, kisha akaeleza mpaka kengele ya pili ikalia. Sijui kama ndio huo, mie si daktari. Nimemwomba mamake aje.

Safari yetu ni wiki ijayo na hesabu yangu inaonyesha nitakuwa mwezini. Aliyepanda boti ya usiku karibuni aniambie, mtu anaweza kujilaza chini au watu wamejaa?

Baba_Nasra

Wahini mapema mpate ukutani. Na mchukue jamvi lenu.

BiMkubwa_Darajani

Na chupa ya maji ya moto, uifunge kwenye kanga, uiweke hapo hapo chini ya kitovu. Ukifika Unguja alfajiri nitafute humu, chai iko Darajani.