Idadi ya wachezaji inayochapishwa kwenye visanduku vya michezo ya ubaoni ni udanganyifu, na tumeuvumilia mno

Wadau wa michezo ya ubaoni, nimefungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Nataka tuzungumzie yale maandishi madogo yanayokaa pembeni mwa kisanduku, yale yanayosema "wachezaji 1 hadi 5". Kwa mnunuzi ambaye bado hajakifungua kisanduku, maandishi hayo ni ahadi kwamba mtu mmoja atapata mchezo kamili, wawili watapata mchezo kamili, na watano vilevile. Wachapishaji wengi hawaitimizi ahadi hiyo, wanajua fika kwamba hawaitimizi, na bado wanaichapisha kwa sababu kila tarakimu inayoongezwa hapo huwavuta wanunuzi wengine.

Aliyenifikisha hapa ni mchapishaji ambaye sitamtaja, kwa kuwa tabia hii si yake peke yake. Kisanduku chake kinasema 1 hadi 5. Mchezo wenyewe ni wa kunadi na kubadilishana mali, yaani kila kilicho kitamu ndani yake kinahitaji mtu mwingine mwenye tamaa zake. Katika ukurasa wa mwisho wa kitabu cha kanuni kuna aya moja tu kuhusu kucheza peke yako: ondoa kadi zote za mnada, cheza raundi zako kama kawaida, jumlisha pointi, kisha tazama jedwali litakalokuambia kama wewe ni mwanagenzi au bingwa. Hakuna mpinzani, hakuna kinachokuzuia, na hakuna namna yoyote ya kushindwa. Wameuza ngoma, wakabandua ngozi, wakasema pigeni. Mnada ndio ulionifanya niununue mchezo huo, na mnada ndio kitu cha kwanza nilichoamriwa kukirudisha kisandukuni.

Najua kuna watakaosema kwamba kucheza peke yako ni lazima kuwe hivyo, kwamba mtu akiwa hana wenzake hana budi kushindana na pointi zake mwenyewe. Si kweli, na ushahidi umejaa kwenye rafu zetu. Hata mchezo wa kutafuta pointi unaweza kubana koo ukitungwa kwa uangalifu. Katika Agricola ya Uwe Rosenberg, iliyotoka mwaka 2007, mkulima wa peke yake huanza bila chakula chochote, kila mtu mzima katika familia yake hula vyakula 3 badala ya 2 wakati wa mavuno, na lengo la kwanza la pointi 50 hupanda kila anapolifikia na kuendelea na mchezo unaofuata. Terraforming Mars ya mwaka 2016 inakwenda mbali zaidi, kwa sababu haikuulizi umepata pointi ngapi kwanza. Inakupa vizazi 14, yaani raundi 14, uwe umekamilisha joto, oksijeni na bahari za sayari ya Mirihi, na usipokamilisha umeshindwa, hata kama kadi zako zilikuwa za kupendeza kiasi gani. Tuzo zile ambazo wachezaji wengi hugombania zimeondolewa, kwa kuwa hazina maana bila wapinzani, lakini pengo lao limezibwa kwa shinikizo la muda.

Halafu wapo waliochukua taabu ya kutunga mpinzani. Morten Monrad Pedersen na wenzake ndio walioupa mchezo wa Scythe ile seti ya kadi inayoitwa Automa, inayocheza badala ya mpinzani, na baadaye wakaupa mchezo wa Wingspan seti yake. Kinachonivutia katika kazi yao ni kwamba hawakujaribu kuiga akili ya binadamu. Automa ya Scythe haikusanyi rasilimali wala haijengi uchumi. Inasogea, inateka maeneo, inakushambulia, na inaelekea kwenye ushindi kwa kasi yake yenyewe, kiasi kwamba unalazimika kuwaza juu yake kama unavyomuwaza mtu. Hiyo ni kazi ya ubunifu iliyojaribiwa na kurudiwa, na ndiyo inayonifanya nikatae kabisa kisingizio cha wachapishaji kwamba haiwezekani. Inawezekana. Inagharimu muda na majaribio, na wao hawataki kugharimia. Friedemann Friese alipotunga Friday mwaka 2011 alitunga mchezo wa mtu mmoja, na kisanduku kikaandikwa hivyo, bila aibu wala nyongeza.

Wale wanaokuja kwenye kila uzi wa aina hii kutuambia kwamba anayecheza peke yake hachezi, wakacheze wanavyopenda na watuache. Malalamiko haya yanawahusu wao pia, kwa sababu tarakimu ya kwanza si ndiyo pekee inayodanganya.

Chukueni namba 2. Michezo mingi iliyobuniwa kwa meza yenye watu wanne hubandikwa namba hiyo, kisha ukifungua kanuni unaambiwa mwongoze pamoja mchezaji wa tatu ambaye hayupo. 7 Wonders ya Antoine Bauza ilifanya hivyo ilipotoka mwaka 2010: kisanduku kilisema 2 hadi 7, na wawili walilazimika kuuendesha mji wa tatu kwa kupokezana. Lakini hapa nawapa haki yao. Mwaka 2015 Bauza na Bruno Cathala walitoa 7 Wonders Duel, mchezo uliotungwa upya kwa ajili ya watu wawili tu, na toleo jipya la mchezo wa kwanza, lililotoka mwaka 2020, linasema 3 hadi 7. Waliitazama tarakimu, wakaona haikustahili kuwapo, wakaifuta. Kwa nini jambo hilo ni nadra hivyo? Klaus Teuber alipotoa Catan mwaka 1995, kisanduku kilisema 3 hadi 4, na hakuna aliyeuona mchezo huo kuwa na upungufu kwa sababu hiyo, kwani mtu yeyote anayeelewa biashara ya Catan anajua kwamba watu wawili hawana soko: kila ninachokupa kinamsaidia mpinzani wangu wa pekee. Namba ile ilitokana na jinsi mchezo unavyofanya kazi. Siku hizi namba hutokana na idara ya mauzo.

Upande wa juu nako ni mateso. Mchezo wa zamu ndefu ukiandikwa 5, kila mtu akitumia dakika 3 tu kufikiri, wewe unakaa dakika 12 bila kufanya lolote kabla zamu haijakurudia, na katika dakika hizo ubao umebadilika mara nne, kwa hiyo hata mpango uliokuwa ukiupanga haufai tena. Ukijumlisha raundi kumi umekaa saa mbili ukitazama mikono ya wenzako. Na pembeni mwa kisanduku hichohicho imeandikwa "dakika 60 hadi 90", bila kusema ni dakika za watu wangapi. Katika 7 Wonders wachezaji saba hawachoshani kwa sababu wote huchagua kadi kwa wakati mmoja, na hilo ni jambo la muundo, halikuja kwa bahati. Mtungaji ambaye hajatafuta njia ya kuwashughulisha wanaosubiri hana haki ya kuwaalika mezani.

Nimeacha michezo ya ushirikiano mpaka hapa kwa makusudi, maana humo uongo ni wa aina yake. Pandemic ya Matt Leacock, ya mwaka 2008, huchezwa na watu 2 hadi 4 wanaoshirikiana kupambana na magonjwa manne, na ni mchezo ninaouheshimu sana. Hata hivyo, taarifa zinazohitajika kufanya uamuzi zinaweza kusemwa wazi mezani, na mkipata mwenzenu mmoja mwenye uzoefu na sauti kubwa, atawaambia nyote mwende wapi na mtumie kadi ipi. Hapo kisanduku kinasema wanne, lakini anayecheza ni mmoja na watatu wamekuwa vidole vyake. Wengi hulaumu tabia ya mchezaji huyo, nami simtetei, lakini watungaji walishaonyesha kwamba kanuni zinaweza kumnyamazisha. Katika Hanabi kila mtu hushika kadi zake zikiwatazama wenzake, asizione mwenyewe, na vidokezo vinahesabiwa. Katika The Crew mawasiliano yamebanwa hadi kadi moja unayoruhusiwa kuionyesha kwa ishara maalumu. Hakuna wa kuwaongoza wote kwa sababu hakuna anayejua yote. Spirit Island ya R. Eric Reuss haikuziba midomo, ila kila roho, yaani mhusika ambaye mchezaji humwongoza, ina mambo mengi mno kiasi kwamba mtu mwenye akili timamu hushughulika na la kwake.

Kinyume chake pia kipo: namba 1 ambayo kwa kweli ni 2. Gloomhaven inaandikwa 1 hadi 4, lakini kanuni zinamtaka mchezaji wa peke yake aongoze wahusika angalau wawili, na kiwango cha maadui kipandishwe kwa kuwa mtu mmoja anaona kadi za wote. Kanuni hiyo ni ya haki na imeelezwa vizuri. Lawama yangu ni kwamba inasubiri mpaka uwe umenunua ndipo ikuambie, na wapo wasiopenda kabisa kuongoza wahusika wawili kwa wakati mmoja.

Matokeo yake kazi ya mchapishaji tumeifanya sisi. Katika BoardGameGeek, tovuti ya wapenzi wa michezo ya ubaoni, kuna kura ambazo wachezaji hupiga kusema mchezo unafaa zaidi kwa watu wangapi na haufai kwa wangapi, na mtu mzoefu hatazami kisanduku tena, hutazama kura. Mnunuzi mgeni hajui kwamba kura hizo zipo. Wahakiki nao wananikera karibu kama wachapishaji, hasa wale wanaocheza na watu watatu, mara moja, kisha wanausifu mchezo mzima kana kwamba wameujaribu kwa kila idadi iliyoandikwa. Kusema "tuliucheza tukiwa watatu" kunahitaji sentensi moja.

Ninachodai si kikubwa. Kisanduku kionyeshe idadi ambayo mchezo ulitungwa kwa ajili yake, na ziada yoyote iandikwe kando kuwa ni ziada; uchezaji wa mtu mmoja uelezwe kama una mpinzani, una sharti la kushindwa, au ni jedwali la pointi tu; na muda uandikwe kwa kila mchezaji. Mpaka hapo watakaposikia, naomba uzi huu utumike kama orodha yetu. Weka jina la mchezo, toleo, idadi iliyochapishwa, idadi uliyoona inafanya kazi, na sababu kwa maneno yako mwenyewe. Ukiandika tu kwamba mchezo ni mbaya, bila kusema mlikuwa wangapi mezani, hutakuwa umemsaidia mtu.