Mjadala: Majina ya waliokamatwa yabandikwe nje ya kituo, au yabaki kaunta?

Kiboriloni
Wakuu, hoja yangu ni hii. Mahakama zetu ziko wazi. Ukifika asubuhi Mahakama ya Wilaya, iwe Same au Monduli, orodha ya mashauri ya siku imebandikwa ubaoni na unasoma jina la mshtakiwa na namba ya kesi bila kumwomba mtu. Lakini kabla ya mahakama, zile saa ambazo mtu yuko mahabusu ya polisi, jina lake liko kwenye vitabu vya kaunta tu. Napendekeza kila kituo kikuu cha wilaya kibandike karatasi kila asubuhi: jina, saa ya kukamatwa, tuhuma, na mahali alipo sasa. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kupata taarifa. Ubaya uko wapi?

Wa_Njiro
Uko Ibara ya 13(6)(b), mkuu. Mtu hatendewi kama mkosaji mpaka ithibitike. Ibara ya 16 inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu makosa kwenye kundi la taarifa nyeti. Kijana aliyezolewa kwenye msako wa usiku anaachiwa saa tano asubuhi bila shtaka lolote, lakini karatasi imeshapigwa picha na iko kwenye makundi ya WhatsApp. Arusha hii madereva na waongoza watalii wanaajiriwa kwa kuaminiana. Picha moja inammalizia msimu mzima.

Kama hoja ni mwajiri ajue anayemwajiri, cheti cha tabia njema kipo. Anakiomba mhusika mwenyewe, anachukuliwa alama za vidole, Jeshi la Polisi linajibu. Mwajiri asome hicho.

MsaidiziLongido
Nyote wawili mnabishania sifa ya mtu. Huku wilayani swali la kwanza ni "yuko wapi?", na wengi hulipata jibu wakiwa wamechelewa kwa sababu wanaanzia pasipo.

Kabla ya kwenda kituoni, ndugu ajue nani amekamata. Inaweza kuwa askari wa hifadhi, Uhamiaji pale Namanga, TAKUKURU, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, au mgambo wa kata. Kila mmoja ana njia yake kabla mtu hajafika mikononi mwa polisi. Yupo pia anayewekwa ndani kwa amri ya Mkuu wa Wilaya: Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inaruhusu hadi saa 48. Ukimuulizia huyo, askari wa zamu anaweza kukwambia "hatuna kesi yake", na kweli hawana, ingawa amelala kwao.

Ndiyo maana usiulize kesi. Namba ya RB, yaani ya taarifa iliyopokelewa kituoni, hupewa mlalamikaji. Ndugu wa mtuhumiwa hana na hatakuwa nayo. Namba ya IR ni ya jalada la upelelezi, nalo linaweza kuwa halijafunguliwa. Kinachoonyesha kwamba mtu yumo ndani ni kitabu cha matukio, yaani OB, pamoja na rejista ya mahabusu. Uliza hivi: "Ameandikwa kwenye rejista ya mahabusu? Saa ngapi? Ametolewa kwenda wapi?" Hilo la tatu watu husahau, na ndilo linalookoa nauli.

Taja majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, kisha jina analoitwa kijijini, jina la baba, kijiji na umri. Jina huandikwa kwa sikio la aliyeshika kalamu. Saning'o anakuwa Saningo, Laizer anakuwa Laiza, "ole" inadondoshwa kabisa. Askari akipitisha kidole kwenye ukurasa akitafuta tahajia yako, hatamwona, na atakujibu kwa nia njema kabisa kwamba hayupo.

Kituo kidogo hakimweki mtu muda mrefu, na kisicho na chumba cha wanawake au cha watoto humpeleka mhusika kwingine siku hiyohiyo. Baada ya siku mbili acha kuzunguka vituoni. Nenda kwa karani wa masjala ya makosa ya jinai, Mahakama ya Wilaya. Kwa mauaji usitafute kwenye kesi za kawaida, tafuta kwenye PI, yaani uchunguzi wa awali kabla ya kesi kwenda Mahakama Kuu, kwa sababu mahakama hiyo haina mamlaka ya kuisikiliza kesi yenyewe na mtuhumiwa hatakiwi kujibu kitu. Akishasomewa shtaka na hana dhamana, yuko gerezani: upande wa Arusha anza na Kisongo, upande wa Moshi anza na Karanga.

Aliyekamatwa Ijumaa jioni ni balaa lake peke yake. Sheria inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo, na hayo maneno mawili ya mwisho yanameza Jumamosi na Jumapili zote.

Ngaramtoni_Juu
Marekani hata kaunti ya watu wachache porini inaweka majina na picha mtandaoni, dunia nzima inaona. Sisi karatasi ya ukutani inatutoa jasho!

Pasua
Ngaramtoni, nusu kweli. Kule jela ya kaunti kwa kawaida iko chini ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, na sherifu wengi wanaweka orodha ya waliomo. Lakini Texas peke yake ina kaunti 254, na mojawapo, Loving, ilihesabiwa watu 64 kwenye sensa ya 2020. Usitarajie kila kaunti ya namna hiyo iwe na tovuti inayosasishwa. Kaunti ndogo nyingine hukodi vitanda katika jela ya jirani, basi anayetafuta kwenye kaunti ya tukio haoni kitu. Orodha nyingi pia ni za waliomo sasa. Akitoka kwa dhamana jina linatoweka, na mtafutaji anadhani hakukamatwa kabisa.

Anayejua kazi anapiga simu jela ya kaunti akiwa na jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, kisha anakwenda kwa karani wa mahakama, kwa sababu kosa lililoandikwa siku ya kukamatwa mara nyingi silo aliloshtakiwa nalo. Akikwama anaandika ombi kwa sheria ya taarifa ya jimbo husika. Ile ya serikali kuu haiifungi kaunti, na maombi mengi hurudishwa kwa kosa hilo. Texas taarifa za msingi za mtu aliyekamatwa hazizuiliki hata upelelezi ukiwa unaendelea.

Ubaya wake sasa. Kampuni binafsi zilizoa zile picha, zikaziweka kwenye tovuti zao, zikamdai mhusika fedha ili zimwondoe. California ilipiga marufuku ada hiyo kuanzia 2015. Na mahakama ikiamuru rekodi ifutwe, inafutwa kwa sherifu. Nakala iliyokwisha kusambaa inabaki. Wa_Njiro hajakosea hata kidogo hapo.

Kiboriloni
Sawa, picha sizitaki. Lakini anayenyimwa jibu kaunta afanye nini? Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa hadi siku 30 kujibu. Siku 30 kwa mtu aliye ndani!

Wa_Njiro
Hiyo si njia yake, na inaruhusu kuzuiwa kwa taarifa zinazoweza kuharibu upelelezi. Njia yake ni Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Aliyekamatwa ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, na polisi wanaweza kukataa tu kama wana sababu za msingi kuamini kwamba mshirika wake katika kosa atatoroka au ushahidi utaharibiwa. Kwa hiyo kukataa kunahitaji sababu, na ndugu anaweza kumwomba OCS, mkuu wa kituo, aieleze, akishindwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya.

Niongeze kitu kinachowahusu hata wanaopenda watuhumiwa wafungwe. Muda wa msingi wa kumhoji mtu ni saa nne tangu awekwe chini ya ulinzi, na ukiongezwa haupaswi kuzidi saa nane zaidi. Maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoandikisha polisi baada ya kuonywa, yakichukuliwa nje ya muda huo bila sababu ya maana hutupwa na mahakama, na kesi nyingi hufa hapo. Saa iliyoandikwa kwenye rejista ikijulikana na mtu wa nje mapema, hakuna wa kuisogeza baadaye. Hilo ndilo ningelipigania kuliko ubao.

Ngaramtoni_Juu
Na ile "hela ya dhamana"? Dhamana ya polisi hailipiwi, lakini asiyejua ndugu yake yuko wapi wala kwa tuhuma gani atamlipa yeyote anayesema anajua.

Kiboriloni
Basi nabadili pendekezo. Ubaoni pakae idadi tu: wangapi wako ndani, wangapi wamehamishwa na kwenda wapi, bila jina. Jina litolewe kaunta kwa anayelitaja mwenyewe, na jibu liandikwe kwenye OB pamoja na saa. Walio chini ya miaka 18 taarifa zao wapewe wazazi au walezi na ofisa ustawi wa jamii pekee, kwa roho ya Sheria ya Mtoto ya 2009.

Wa_Njiro
Bado kuna tundu. Anayetaja jina anaweza kuwa mdai wake, au mume aliyemkimbia. Si kila aliye ndani anataka ajulikane yuko wapi.

MsaidiziLongido
Aulizwe wakati anaandikishwa. Rejista iongezewe safu moja: "ndugu waambiwe" au "wasiambiwe", na asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi, aweke dole gumba.

Pasua
Akikataa usiku kwa hofu, asubuhi akabadili mawazo?

MsaidiziLongido
Aulizwe upya kila zamu inapokabidhiana. Mahabusu wanahesabiwa saa hizo hata hivyo, na kitabu kiko wazi mezani.